Kabla hamjatuuliza tumetumwa na nani

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge, Waziri wa Katiba na Sheria, Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na wenyeviti wa halmashauri na serikali za vijiji, Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kama wasaidizi wa kisheria na mawakili ambao kutwa nzima tunashughulika na ndoa, mirathi na ardhi. Tuna jambo moja la kuwaambia, nalo linahusu sentensi moja.

Mnaijua. Kijijini inaitwa "mambo ya Beijing". Ikifika kwenye kamati inavaa suti na kuitwa "ajenda ya kigeni". Mitandaoni ni "mnatafuta sifa kwa Wazungu", na msemaji akipandwa na hasira, "mmetumwa na mabeberu". Kwa vyovyote itakavyosemwa, kazi yake haibadiliki: aliyezungumzia shida ya mwanamke anatolewa nje ya jamii yake, kwa hiyo alichokisema hakihitaji tena kujibiwa.

Itazameni inavyofanya kazi. Mjane anasimama kwenye kikao cha ukoo. Anataja shamba, anataja mpaka, anataja miaka aliyolima na nani kavuna msimu huu bila kumwambia. Hayo yote yanapimika. Mtu anaweza kwenda shambani na kamba akahakikisha. Kisha mmoja anasema, "Huyu kafundishwa kwenye semina." Kuanzia hapo hakuna anayezungumzia mpaka. Mjane sasa ndiye anayejitetea: kwamba anaheshimu mila, kwamba anamcha Mungu, kwamba hakuna aliyempa posho. Akimaliza kujitetea jua limezama, kikao kimeahirishwa, na aliyevuna amekwishavuna. Sentensi hiyo ina mazao, Waheshimiwa, na mazao yake tunayahesabu kwa magunia na ekari.

Tuanze na neno Beijing lenyewe, maana limeonewa kuliko yote. Mkutano wa nne wa dunia wa wanawake ulifanyika Beijing mwezi Septemba 1995. China haimo Magharibi kwa ramani yoyote tunayoifahamu. Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyewahi kuwa mbunge na waziri wa nchi hii, na ambaye mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mkutano uliotangulia, wa 1985, ulifanyika Nairobi. Anayemwambia mwanamke wa Sengerema kwamba ameiga Beijing anamwambia, bila kujua, kwamba amemwiga jirani yake wa kisiwani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake nao husemwa kuwa ni wa Wamarekani. Ulipitishwa Desemba 1979. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Marekani iliutia saini mwaka 1980 ikaishia hapo, haijauridhia. Tamko lililoutangulia, la 1967, rasimu yake ya msingi ilitoka mikononi mwa Annie Jiagge, jaji wa Ghana. Na mkirudi nyuma zaidi, mwaka 1945 pale San Francisco, waliosimama kidete usawa wa wanawake uandikwe kwenye Hati ya Umoja wa Mataifa walikuwa wanawake wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, akiwemo Bertha Lutz wa Brazili na Minerva Bernardino wa Jamhuri ya Dominika. Mjumbe mwanamke wa Marekani, Virginia Gildersleeve, aliwapinga. Miaka mitatu baadaye Hansa Mehta wa India ndiye aliyehakikisha Azimio la Haki za Binadamu linaanza na binadamu wote, si wanaume wote.

Au tuchukue umri wa ndoa, ambao ndio unaoitwa wa Kizungu mara nyingi zaidi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, unaweka miaka 18 katika ibara ya 21. Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Julai 2003 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2007, inarudia miaka hiyo hiyo katika ibara ya 6. Ethiopia iliiweka kwenye sheria yake ya familia mwaka 2000, Kenya mwaka 2014, Malawi mwaka 2017 ndani ya katiba yenyewe. Uingereza je? Katika England na Wales kijana wa miaka 16 aliweza kuolewa kwa ridhaa ya wazazi hadi Februari 2023. Huko Marekani jimbo la kwanza kufunga mlango bila kisingizio chochote lilikuwa Delaware, mwaka 2018. Kama kuna aliyemwiga mwenzake hapo, ratiba inaonyesha ni nani.

Sasa tugeukie upande wa pili, upande ambao husemwa kuwa ni wetu, na ambao haukaguliwi asili yake hata siku moja.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana kuoa akiwa na 18, na mahakama inaweza kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Kila mara marekebisho yanapotajwa, kifungu hiki hutetewa kwa jina la utamaduni. Ilitoka wapi hiyo sheria? Serikali ilitoa mapendekezo yake kwenye Waraka Na. 1 wa 1969, na rasimu iliegemea kwa sehemu kubwa kazi ya tume ya Kenya ya 1968, tume ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jaji Spry, Mwingereza. Kenya wenyewe walipopelekewa muswada uliotokana na tume yao, wabunge wao waliukataa mwaka 1976 na wakaukataa tena mwaka 1979. Sababu mojawapo kubwa waliyoitoa? Kwamba ulikuwa wa Kizungu na unamnyima Mwafrika mamlaka juu ya mke wake.

Someni hapo mara mbili tafadhali. Sheria iliyotupwa Nairobi kwa kuwa ya kigeni ndiyo inayolindwa Dodoma kwa kuwa ya asili. Hatuitaji habari hii ili kuidharau Sheria ya Ndoa. Kwa wakati wake ilikuwa ya kijasiri: kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja. Ni kwa kifungu hicho cha 114 Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu Francis Nyalali, na hakumwuliza mtu kule Ulaya.

Kifungu cha 13 na cha 17 navyo vilikwisha kupimwa na majaji wetu. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mwaka mmoja ambao Serikali ilipewa na mahakama kurekebisha vifungu hivyo ulikwisha Oktoba 2020 bila sheria kubadilishwa. Katiba iliyotumika ni ya Jamhuri ya Muungano. Mwombaji ni Mtanzania, majaji ni Watanzania, na anayesema hukumu ile imetoka nje inabidi atuonyeshe mpaka ulivukwa wapi.

Gharama ya kuchelewa iko kwenye Kanuni ya Adhabu, na hapa tunaomba msome pole pole. Kifungu cha 130(2)(e) kinasema kumwingilia aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, isipokuwa kama ni mke wa huyo mwanamume, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Weka msichana wa miaka 16 na mwanamume wa miaka 40. Leo ni kosa la jinai. Mahari ikilipwa na ndoa ikifungwa Jumamosi, Jumapili si kosa tena. Hakuna kilichobadilika kwenye mwili wa msichana isipokuwa siku mbili za umri. Upande mwingine, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja unaona mwanya mpana wa kupitisha ng'ombe wa mahari. Msichana anatolewa shule kwanza, jina linafutwa kwenye daftari la mahudhurio, kisha anaozwa. Akiwa darasani ana ulinzi wa miaka 30. Akiwa nje ya geti hana hata wa siku moja. Anayetaka sheria hizi zilinganishwe haombi sifa kwa mtu. Anaziba mwanya.

Kifungu hicho cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga pia mume dhidi ya shtaka la kumbaka mke wake ambaye hawajatengana. Chimbuko la kinga hiyo halimo katika mila ya kabila lolote letu. Ni maneno ya Matthew Hale, jaji wa Kiingereza wa karne ya 17, yaliyochapishwa mwaka 1736 akiwa amekwishafariki, yakasafirishwa kwenye makoloni pamoja na kanuni za adhabu. Waingereza wenyewe waliyafuta mwaka 1991. Sisi tumebaki kulinda nguo ambayo mwenyewe alikwisha kuivua.

Tufike kwenye mirathi, ambako ndiko tunakotumia muda mwingi.

Zinazoitwa "mila" mbele ya mahakama za mwanzo kwa kawaida ni Matangazo ya Serikali Na. 279 na Na. 436 ya 1963. La kwanza linahusu watu na ndoa, la pili ulezi, urithi na wosia. Mtu aliyeongoza kazi ya kukusanya na kuunganisha sheria hizo za mila alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Alikuwa mtu makini na aliongea na wazee wengi, hilo hatumnyimi. Lakini mila iliyokuwa hai, inayobishaniwa na kubadilishwa chini ya mti, ilipoandikwa kwenye gazeti la serikali iligandishwa. Kanuni iligandishwa bila busara iliyokuwa ikiizunguka: mjomba aliyeweza kuingilia kati, bibi aliyesikilizwa, aibu ya kumfukuza mjane mbele ya majirani. Tena iliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Waluguru, Wakaguru, Wamwera, Wamakonde na wengine wanaofuata ukoo wa mama hawamo. Kwa hiyo mtu akisema "mila yetu Watanzania mwanamke harithi ardhi", mwulizeni Mluguru.

Hata miongoni mwa wanaofuata ukoo wa baba, mila zilikuwa na milango. Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mwingine ili boma lake lisife. Mlango huo haukubuniwa kwenye semina.

Tangazo Na. 436 linasemaje? Warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, isipokuwa kama hakuna mwanamume wa ukoo huo. Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza.

Hebu tufanye hesabu. Mume amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili, na ekari 16. Kwa Tangazo Na. 436, mjane anapata sifuri. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto anapata thumni, moja ya nane, kama ilivyo katika Sura ya Nisaa aya ya 12. Hizo ni ekari 2. Zinazobaki 14 zinagawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume mafungu mawili, ekari 7, na kila binti fungu moja, ekari 3 na nusu. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo Waingereza walituletea na bado mahakama zetu huitumia kwa Wakristo wengi walioacha maisha ya kimila, mjane anapata theluthi, ekari 5 na theluthi moja, na watoto watatu wanagawana sawa zilizobaki.

Sasa tukio ambalo mtu yeyote aliyekaa kwenye mabaraza yetu analitambua: mjane Mwislamu anadai thumni yake, na shemeji zake, Waislamu wenzake, wanamwambia ameleta mambo ya Kizungu. Fungu lililoandikwa katika Kurani, karne nyingi kabla mwanamke aliyeolewa England hajaruhusiwa kumiliki mali yake mwenyewe (huko ilikuwa sheria ya 1882), linaitwa la Kizungu. Wakati huo huo kanuni inayomnyima, iliyokusanywa na afisa wa kikoloni, inaitwa ya mababu.

Tunakiri jambo moja kabla hamjatuuliza: katika hesabu ile, inayompa mjane fungu kubwa zaidi ni sheria ya mkoloni. Ni kweli. Na hapo ndipo kipimo cha asili kinapovunjika kabisa, maana kinaweza kugeuzwa upande wowote. Ukipima sheria kwa paspoti ya aliyeiandika utalazimika kutupa Kanuni ya Adhabu nzima, utaratibu wa mahakama, na kiti cha Spika mwenyewe. Anayetaka kupima apime kwa kuuliza ekari zimekwenda kwa nani, na nani aliyezilima.

Mahakama zetu zimejaribu. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mtoto wa ndugu yake alitaka uuzaji ufutwe. Jaji alisema kanuni ya 20 haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Sheria za Ardhi za 1999 zikafuata: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji lazima liwe na wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7. Lakini kanuni ya 27 imebaki. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ikakubali kwamba ni ya kibaguzi ila ikasita kuifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilianguka kwa kasoro ya kiutaratibu. Ndipo wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki mwaka 2015. Kuna atakayesema waliichafua nchi nje. Walianza ndani, Waheshimiwa. Walikwenda nje baada ya kila mlango wa ndani kufungwa, na anayelalamikia safari hiyo aanze na milango.

Mlango unaofungwa mara nyingi kuliko yote hata haumo kwenye sheria. Ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, anajaza Fomu Na. 1, ana cheti cha kifo, anaambiwa alete muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi. Hakuna kifungu kinachofanya muhtasari huo kuwa sharti. Mahakama Kuu imelisema hilo katika maamuzi yake. Ni mazoea, na ni mazoea yenye manufaa pale ukoo unapoelewana. Pale ambapo ndugu wa mume ndio wanaokalia mali, mazoea hayo yanawapa funguo. Wanakataa kukaa. Sababu wanayoitoa hadharani haiwi "tunataka shamba", maana ingewaaibisha. Inakuwa "mwanamke huyu ameharibiwa na haki sawa". Miezi inapita. Au wanakaa bila yeye, wanamteua shemeji, naye anapewa usimamizi. Kanuni zinamtaka msimamizi ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 na hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Asipofanya, na mjane asipojua kwamba anaweza kuiomba mahakama imwite ajieleze, jalada linalala na mali inaisha. Yote hayo yamewezeshwa na sentensi moja ambayo haikuthibitishwa na mtu.

Tungekuwa waongo tukisema tuhuma hii haina mizizi. Inayo, na ndiyo maana inauma. Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Uingereza, alisema kwa sauti kubwa kwamba Uislamu unamdhalilisha mwanamke na ushungi ni ushahidi. Aliporudi kwao akawa kiongozi wa jumuiya ya kupinga wanawake wa Uingereza kupiga kura. Mwanamke wa Misri kwake alikuwa fimbo ya kumpigia Mmisri. Jirani zetu wa Kenya wana somo lao: mwaka 1956 huko Meru ukeketaji ulipigwa marufuku na baraza la Njuri Ncheke likisukumwa na maafisa wa kikoloni. Wasichana waliamua kukeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajikeketa mwenyewe, na ndani ya miaka mitatu zaidi ya watu elfu mbili walishtakiwa. Marufuku iliyokuja bila kuwaongelesha wenye miili iligeuza kisu kuwa bendera.

Na leo? Makosa yapo, tunayaona kwa macho. Mradi unaandikwa kwa Kiingereza, wa miaka 2 au 3, wakati mirathi yenye mgogoro huchukua muda mrefu kuliko huo. Kinachohesabiwa kwenye ripoti ni "wanawake waliofikiwa", idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio, badala ya hati ngapi zimesajiliwa kwa majina yao. Picha ya msichana, uso wazi, inabandikwa kwenye bango asiloweza kulisoma. Wapo pia wanaowaandikia wasomaji wa mbali kana kwamba kila mwanamume wa Kiafrika ni mnyama, wakapigiwa makofi. Hao walaumiwe kwa majina na kwa maandishi yao. Lakini bango baya halimpokonyi mjane thumni yake.

Kama wasiwasi wenu ni fedha, sheria mnayo tayari. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinalitaka shirika litangaze hadharani fedha linazopata zikizidi shilingi milioni 20, na mikataba ya ufadhili ipelekwe kwa Msajili. Mwenye shaka aombe mkataba, asome kifungu kwa kifungu, aseme ni sharti gani limewekwa na mfadhili na linavunja sheria ipi. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Barabara, chanjo na bajeti za wizara nazo zina fedha za wafadhili hao hao na hatujasikia mhandisi akiambiwa ametumwa. Mkuki kwa nguruwe.

Tunaomba mambo manne.

Ombi kubwa ni kwa wenyeviti wa vikao vyote, kuanzia Bunge hadi serikali ya kijiji. Mjumbe akisema hoja ni ya kigeni, asikatishwe. Atakiwe kuthibitisha. Kanuni za Kudumu za Bunge tayari zinakataza kusema yasiyo ya kweli na zinaruhusu kutaka uthibitisho; zitumike hapa kama zinavyotumika mtu akitaja takwimu za korosho. Aulizwe: kifungu kipi, kimetoka wapi, na kikitoka huko kuna ubaya gani kwa nani. Akishindwa, kauli ifutwe kwenye kumbukumbu na mjadala urudi kwenye shamba, umri, au kipigo kilichokuwa kikizungumzwa.

La pili ni Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Muswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa usambazwe kwa Kiswahili kabla ya kusikiliza maoni, pamoja na tafsiri ya Itifaki ya Maputo. Watu wakisoma wenyewe ibara ya 6 hawatahitaji kuambiwa na mtu wa mtandaoni ni ya nani.

La tatu, Mahakama za Mwanzo ziandikiwe waraka mfupi: kukosekana kwa muhtasari wa ukoo kusizuie kupokelewa kwa Fomu Na. 1. Ukoo uitwe kwa wito, upewe tarehe, usipofika shauri liendelee.

La nne mnalijua: vifungu vya 13 na 17, kifungu cha 130(2) na kanuni ya 27 virekebishwe, vyote kwa pamoja. Kikirekebishwa kimoja peke yake, mwanya unahamia kwenye kingine, kama tulivyoonyesha kwa shule na mahari.

Pamoja na muswada huo tunapendekeza jedwali la kurasa mbili lenye nguzo nne: kifungu, nani alikitunga na lini, nani anakibeba mgongoni, nani ananufaika. Tumeanza kulijaza. Kanuni ya 27: imekusanywa chini ya afisa mzaliwa wa Austria, ikatangazwa 1963, anayeibeba ni mjane. Kinga ya mume: London, karne ya 17, anayeibeba ni mke. Kifungu cha 13: Dar es Salaam, 1971, juu ya rasimu ya Nairobi, anayekibeba ni msichana wa miaka 15. Nguzo ya nne tumeiacha wazi, muijaze ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa kisheria na mawakili wa mashauri ya familia na ardhi